RS, Sport, Aero: Tazama Chini ya Gari Kabla ya Kulipia Nembo

Duara la dhahabu likitema, fedha huja kwa mkupuo, na gari huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kutafutwa. Ndivyo ilivyo Katoro, Nyarugusu, Kakola na Kahama, na si kwa wachimbaji peke yao. Mnunuzi wa dhahabu, mwenye karasha, mwalimu aliyepata mkopo, fundi wa mgodini aliyemaliza mkataba, wote huishia kwenye yadi zilezile wakitazama magari yaleyale madogo kutoka Japani. Hapo utakuta Vitz mbili za mwaka mmoja na rangi moja. Ya kwanza ni ya kawaida. Ya pili ina herufi RS mlangoni nyuma, spoila juu ya kioo, sketi za pembeni, rimu kubwa za aloi na uzi mwekundu kwenye usukani, na dalali anaitajia bei ya juu zaidi kwa maelezo mafupi kwamba "hii ni ya spoti". Swali la kujiuliza kabla hujatoa simu kutuma fedha ni hili: unalipia nini hasa? Jibu ninalolitetea hapa lina sehemu mbili. Kwanza, nembo yenyewe haikuambii kitu. Yapo matoleo ya kispoti yaliyobadilishwa kweli kuanzia injini hadi breki, na yapo yaliyovalishwa plastiki tu. Pili, hata katika yale yaliyobadilishwa kweli, si kila badiliko linakufaa wewe unayeendesha kati ya Shinyanga na Geita. Lipia injini na breki. Usilipie rimu kubwa, springi fupi na bampa la chini, na kama vimekuja pamoja na gari, jiandae kuviondoa.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni Toyota Corolla RunX, iliyotengenezwa kati ya 2001 na 2006 na ambayo bado imo barabarani kwetu. Toyota iliuza RunX za aina tofauti zenye jina la Aero Tourer. X Aero Tourer ilipewa bampa na sketi za kispoti, lakini chini ya boneti ilibaki na injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5, yenye nguvu farasi kama 110, ileile ya RunX ya kawaida. Z Aero Tourer ilipewa 2ZZ-GE ya lita 1.8 yenye nguvu farasi 190, injini iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Yamaha na iliyotumika pia kwenye Celica na hata kwenye gari la Kiingereza la Lotus Elise. Ukiyaegesha bega kwa bega, asiyejua ataona ndugu pacha. Ukiyaendesha, hayana undugu wowote. Kwa hiyo mtu anayekuambia kwamba matoleo ya kispoti yote ni mapambo amekosea, na anayekuambia kwamba Aero Tourer "ina moto" bila kutaja X au Z hajakwambia lolote la kununulia gari.

Herufi zenyewe hazina maana moja kwa watengenezaji wote. Kwenye Vitz ya kizazi cha tatu, iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa 2010, toleo la kawaida lilikuja na injini ya lita 1.0 yenye nguvu farasi 69 au ya lita 1.3 yenye 95, wakati RS ilikuwa na ya lita 1.5 yenye 109, breki za diski magurudumu yote manne, na shokapu ngumu zaidi. Hapo RS ina uzito. Lakini Suzuki Swift ya miaka hiyohiyo ilikuwa na toleo lake la RS ambalo lilibaki na injini ya lita 1.2 yenye nguvu farasi 91 sawa na Swift nyingine. Kilichobadilika ni urekebishaji wa springi na usukani pamoja na mwonekano. Swift iliyobadilishwa injini ni Swift Sport, ya lita 1.6 na nguvu farasi 136. Mazda nayo ilitumia neno Sport kwenye Demio ya 2007 kwa ile ya lita 1.5 yenye 113, dhidi ya takriban 90 za ile ya 1.3. Toyota yenyewe, ilipopanga upya magari yake ya spoti mwaka 2017, iliyagawa kwa ngazi, GR Sport chini, GR katikati na GRMN juu kabisa. Vitz ya GRMN ya 2018 ilikuwa na injini ya lita 1.8 yenye supachaja na nguvu farasi 212, na zilitengenezwa 150 tu. Ukiambiwa kuna GRMN inauzwa yadi ya Kahama, kagua mara mbili.

Desturi hii ni ya zamani. Mini Cooper ya 1961, ambayo wengi huitaja kama mama wa magari madogo ya spoti, ilitokana na Mini ya kawaida yenye nguvu farasi 34. Injini ikaongezwa kutoka cc 848 hadi 997, nguvu ikafika 55, na mbele zikawekwa breki za diski. Waliolitengeneza walijua kwamba ukiongeza mwendo bila kuongeza uwezo wa kusimama umetengeneza hatari. Ndicho kipimo ninachokupa cha kutofautisha toleo la kweli na la maonyesho: aliyeongeza nguvu akaongeza na breki alikuwa na nia ya kulibadilisha gari, na aliyeongeza spoila peke yake alikuwa na nia ya kuliuza.

Namna ya kujua ni rahisi kuliko inavyodhaniwa, na haimhitaji dalali. Fungua boneti usome bamba la utambulisho, au tazama namba ya chesisi kwenye kadi ya gari. Herufi za mwanzo zinataja injini. Kwa Vitz, KSP90 na KSP130 ni lita 1.0, SCP90 na NSP130 ni lita 1.3, NCP91 na NCP131 ni lita 1.5. Kwa RunX, NZE121 ni ile ya 1.5 na ZZE123 ndiyo yenye nguvu farasi 190. Kwa Swift, ZC31S, ZC32S na ZC33S ni Sport. ZC72S ni ya lita 1.2 hata ikibandikwa nembo gani. Nembo huuzwa madukani na hubandikwa kwa gundi, lakini namba ya chesisi imegongwa kwenye chuma na imeandikwa kwenye nyaraka za forodha. Unaponunua moja kwa moja kutoka Japani, muulize muuzaji namba hiyo kabla ya picha nyingine yoyote, na uombe karatasi ya mnada, kwa kuwa huko hutajwa daraja la gari na vitu vilivyobadilishwa na mwenye gari wa awali.

Sasa tuje kwenye barabara zetu, maana mambo mengi yanayoandikwa kuhusu magari haya yameandikwa kwa ajili ya watu wa nchi nyingine. Jambo la kwanza ni mwinuko. Uso wa Ziwa Victoria uko meta 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo Geita yote iko juu ya hapo, na Shinyanga nayo haiko mbali na kimo hicho. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban sehemu moja ya kumi, na injini isiyo na taabo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Vitz ya lita 1.0 iliyopimwa nguvu farasi 69 kwenye karatasi inakufikia ikiwa na kama 62. Ongeza hapo namna tunavyopakia: watu wazima watano, mizigo nyuma, kiyoyozi kimewashwa. Gari lenye uzito wa karibu tani moja linakuwa tani moja na nusu kasoro. Ukigawa nguvu kwa uzito huo, lita 1.0 inabaki na chini ya nguvu farasi 50 kwa kila tani, wakati lita 1.5 ya RS inabaki na kama 70. Tofauti hiyo huiona Shinyanga mjini, kwenye mzunguko wa sokoni na stendi, kwa nadra sana. Huiona unapotoka Tinde kuelekea Isaka na Kahama, ambako malori ya Rwanda, Burundi na Kongo hufuatana kwa misururu, na unataka kulipita lori lenye tela wakati basi linaonekana kwa mbali mbele yako.

Hapo ndipo injini inapogeuka kuwa suala la usalama. Kulipita lori si suala la mwendo wa juu kabisa. Ni suala la sekunde unazokaa upande usio wako. Gari lenye nguvu ndogo hulazimika kuanzia mbali, hupanda taratibu, na dereva aliyekwisha kutoka hujikuta hawezi kurudi nyuma wala kumaliza. Lenye nguvu nusu zaidi hupunguza muda huo kwa kiasi unachokihisi mwilini. Sisemi ununue RS ukimbie; katika makazi mwendo ni kilomita 50 kwa saa, tochi za trafiki zipo, na mkokoteni wa ng'ombe ukikatiza barabara jioni hausomi nembo yako. Nasema akiba ya nguvu ni kitu cha kununuliwa kwa fedha, na matoleo ya kweli ya kispoti ni njia mojawapo ya kuipata kwenye gari dogo.

Utapingwa kwamba lita 1.5 inakula mafuta. Ni kweli kwa kiasi, na inategemea unaishi wapi. Kama gari lako litakuwa la kutoka nyumbani Majengo hadi kazini na kurudi, lita 1.0 itashinda kila mwezi, na bei elekezi za EWURA za kila Jumatano ya kwanza zitakukumbusha. Lakini kwa safari ndefu ukiwa umepakia, injini ndogo huzungushwa kwa nguvu muda wote, mguu uko chini, na ile faida ya kwenye karatasi hupungua sana. Utapingwa pia kwamba ushuru utakuwa mkubwa. Hapa hesabu iko upande wako. Ushuru wa forodha wa 25% na VAT ya 18% hutozwa kwa magari yote haya sawa, na ushuru wa bidhaa kwa ujazo wa injini hauna kitu hadi cc 1,000, ni 5% kuanzia 1,001 hadi 2,000, na 10% juu ya hapo. Maana yake lita 1.3, 1.5, 1.6 na 1.8 zote ziko kundi moja. Kinachouma ni umri: gari la miaka minane hadi kumi huongezewa 15%, na lililozidi kumi 30%. Mtu anayeacha 1.5 akachukua 1.3 kwa kuogopa ushuru, huku akichukua gari lenye miaka kumi na miwili, amefungua mlango akafunga dirisha. Viwango hurekebishwa kwenye bajeti ya Juni, kwa hiyo pitisha gari lako kwenye kikokotoo cha TRA kabla ya kutuma senti.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni jingine, nami nalichukulia kwa uzito. Injini ya Vitz RS, ile 1NZ-FE, si injini ya siri. Ndiyo iliyomo kwenye Probox ya 1.5 inayopiga mchomoko kati ya Geita na Katoro ikiwa imejaza watu hadi mlangoni, na ndiyo iliyomo kwenye IST ya 1.5. Kama ni hivyo, RS ina kipi cha pekee? Kwa upande wa injini, karibu hakuna, na hilo ni jambo jema kwako kwa namna mbili. Kwanza, fundi yeyote wa Kahama ameishusha injini hiyo mara nyingi, na plagi, koili, pampu ya maji na mkanda wake vinapatikana hata kwenye duka la pembeni mwa stendi. Pili, kama unachotaka ni nguvu peke yake, huhitaji RS hata kidogo. Chukua IST yenye namba NCP61, ambayo ni 1.5, badala ya NCP60, ambayo ni 1.3 yenye nguvu farasi 87, na umepata zaidi ya nusu ya faida ya RS bila kulipia nembo. IST ina kimo kizuri kutoka ardhini kwa gari la ukubwa wake, na kwenye soko letu huuzika haraka kuliko karibu gari lolote dogo. Kwa wasomaji wengi wa mikoa hii mashauri yangu yangeweza kuishia hapa.

Kinachobaki kuwa cha RS yenyewe ni breki na mwendo wa kwenye kona. Chungulia kati ya matundu ya rimu ya nyuma. Ukiona sahani ya chuma inayong'aa na kalipa imeibana, hiyo ni diski. Ukiona kopo la chuma lililofunikwa, hiyo ni ngoma. Tusitie chumvi hapa. Gari dogo linapofunga breki uzito hukimbilia mbele, na diski za mbele ndizo hufanya kazi kubwa, kwa hiyo ukifunga breki mara moja ukiwa na matairi mazuri tofauti ni ndogo. Tofauti hujitokeza unapofunga breki mara kwa mara ukiwa umepakia, kama unapoteremka vilima vya Geita au unapokutana na matuta ya kila kijiji kati ya Sengerema na Geita. Diski hupoa haraka. Pia haihifadhi tope wala vumbi ndani kama ngoma, na kwenye njia za Lwamgasa na Mgusu, ambako vumbi jekundu la changarawe huingia hadi kwenye dashibodi, hilo lina thamani, ingawa vumbi hilohilo litakulia pedi mapema. Kumbuka kwamba kutoka mwendo wa 80 hadi 100 kwa saa, nishati ambayo breki zinapaswa kuimaliza huongezeka kwa zaidi ya nusu. Breki bora ni nyongeza ya kweli, na ni sababu halali ya kulipa zaidi.

Springi na matairi ni habari nyingine kabisa, na hapa ndipo magari haya yanapowaumiza watu. Tazama namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Vitz ya kawaida huja na 165/70R14. Namba hiyo husomwa hivi: upana milimita 165, ukuta wa tairi asilimia 70 ya upana huo, rimu inchi 14. Kwa hiyo kati ya chuma cha rimu na barabara una milimita 115 za mpira na hewa. RS huja na 195/50R16, na ukifanya hesabu hiyohiyo unapata 97. Swift Sport huja na 195/45R17, na unabaki na 88. Kwenye lami ya Japani ukuta mfupi hulifanya gari liitike usukani upesi bila kuyumba. Kwenye shimo lenye kingo kali katika njia ya Geita kwenda Bukoli na Nyarugusu, ukuta huohuo hujikunja hadi mwisho, rimu ya aloi inagonga jiwe, na unachosikia ni mlio wa fedha yako. Chuma cha rimu ya kawaida hupinda, ukakigonga nyundo ukaendelea na safari. Aloi hupasuka. Tairi la inchi 14 utalipata Ushirombo au Masumbwe; la 195/45R17 utaliagiza Mwanza na kulala njiani ukilisubiri.

Springi fupi na shokapu ngumu zina tatizo la namna hiyohiyo. Swift Sport ya 2017, gari zuri mno lenye uzito wa kilo 970 na injini ya taabo isiyobabaishwa sana na mwinuko wetu, limeachwa na nafasi ya milimita 120 tu kutoka ardhini. Mwezi wa Januari au Machi, mvua ikinyesha juu ya udongo mweusi wa mbuga kule Kishapu au pembezoni mwa Shinyanga, malori huchimba mifereji miwili na kuacha tuta katikati. Gari la kimo hicho litakaa juu ya tuta kwa tumbo, magurudumu yakizunguka hewani. Bampa la kispoti lililoshuka hadi karibu na ardhi litang'oka kwenye mtaro wa kwanza, na klipu zake zikishakatika hufungwa kwa waya hadi siku gari linauzwa. Na shokapu ngumu kwenye barabara yenye makunyanzi hufanya gurudumu liruke badala ya kufuata ardhi. Gurudumu lililo hewani halifungi breki wala halipindi. Kwa maneno mengine, kile kinachoitwa kushika barabara kwenye lami hugeuka kuwa kuachia barabara kwenye changarawe.

Historia ya michezo ya magari ya Afrika Mashariki yenyewe inashuhudia hivyo. Safari Rally ilipoanza mwaka 1953 ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miongo kadhaa ilikuwa mashindano yaliyoogopwa na watengenezaji wa dunia nzima. Joginder Singh alishinda mwaka 1974, na tena 1976, akiwa na Mitsubishi Lancer 1600 GSR, gari dogo ambalo jina lake la GSR lilikuwa la toleo la kispoti kama haya tunayoyajadili. Magari ya Safari hayakushushwa. Yaliinuliwa, bodi zikaimarishwa, chini yakawekewa bamba la kukinga injini, na yakapewa matairi yenye ukuta wa kutosha. Gari la spoti kwa ardhi yetu lilikwisha kuelezwa na watu waliolishindia vikombe, na halifanani na gari lililolaliana chini linaloonekana kwenye picha za yadi za Yokohama.

Wenye RS wengi wana jibu tayari: nitaweka spesa niinyanyue. Spesa ni kipande cha mpira au aluminiamu kinachowekwa juu ya shokapu, na karibu kila gereji ya Kahama inaweza kukifunga kwa saa chache. Spesa ndogo ina kazi yake. Ila elewa kinachotokea chini. Shafti zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu zilipangwa kufanya kazi zikiwa karibu kunyooka; ukiinua bodi zinainama, na kila mzunguko jointi zake husuguana zaidi, buti za mpira hupasuka, vumbi huingia, na baada ya muda unasikia "kakakaka" kila unapokata kona. Stabilaiza linki huvutwa, bushi huzungushwa kuliko kipimo chake, na matairi huanza kulika upande mmoja hadi ufanye alaimenti. Na baada ya yote hayo shokapu ni ileile ngumu, ila sasa iko juu zaidi. Umeanza kwa kulipia gari liwe chini, ukalipa tena liwe juu. Ukiwa na RS mkononi, njia ya afadhali ni kurudisha springi na shokapu za kipimo cha toleo la kawaida, kisha kubadili rimu. Tairi la 185/60R15 lina kipenyo kinachotofautiana na 195/50R16 kwa takriban milimita mbili tu, kwa hiyo kipima mwendo hakidanganyi, na ukuta wake unarudi milimita 111. Hakikisha kwanza kwamba rimu ya 15 inapita bila kugusa kalipa za breki. Ya 14 huenda isipite, kwa kuwa diski za RS ni kubwa. Rimu ulizozitoa zitapata mnunuzi, kwa kuwa wapo wanaozitafuta.

Jihadhari vilevile na vitu vilivyoongezwa na mwenye gari wa awali, hasa filta ya hewa ya wazi yenye umbo la pia. Humeza hewa ya moto ya chini ya boneti, na vumbi jembamba la Geita hupenya humo hadi kwenye silinda. Rudisha boksi la filta la kiwandani, na ulipulize au ulibadilishe mara nyingi kuliko kitabu kinavyosema. Kuhusu ile RunX Z yenye nguvu farasi 190, nalazimika kuwa mkali. Injini yake ilipangiwa petroli ya daraja la juu huko Japani, wakati kituo chetu cha kawaida kina pampu ya petroli na ya dizeli na huchagui daraja. Nguvu yake kubwa huja mshale ukipita mizunguko 6,000, mahali ambapo dereva wa Tinde hana sababu ya kufika. Vipuri vyake si vile vya Probox. Ni injini ya kuheshimiwa, lakini mtu wa Bukombe atakayeinunua atakuwa amenunua safari za kwenda Dar es Salaam kutafuta sensa.

Linabaki pingamizi la mwisho, kwamba mtu ana haki ya kupenda gari zuri. Ana haki kamili. Mtu aliyeshinda miezi kwenye shimo lenye joto na hewa nzito hahitaji ruhusa yangu ili kufurahia rangi nyekundu na spoila, na uzuri wa kitu ni sehemu ya thamani yake. Ninachotaka ni uzuri ulipiwe bei ya uzuri. Sketi na spoila unaweza kuvinunua baadaye, kimoja kimoja, kwenye maduka ya vipuri vilivyotumika. Injini na breki za diski huwezi kuviongeza baadaye bila gharama inayokaribia kununua gari jingine. Wapo pia wanaosema kwamba RS hushika bei wakati wa kuuza. Hushika kwa mnunuzi anayejua tofauti, na mnunuzi huyo atachungulia chini kama wewe: akikuta bampa limefungwa waya na shafti zinalia, nembo haitakuokoa.

Kwa hiyo ukifika yadi, anza na namba ya chesisi, kisha chungulia diski ya nyuma, kisha piga magoti utazame chini ya bampa la mbele na ubavu wa rimu kwa ndani, ambako nyufa hujificha. Soma tarehe ya tairi: tarakimu nne za mwisho ubavuni hutaja wiki na mwaka, 2316 ikiwa ni wiki ya 23 ya mwaka 2016, na tairi la umri huo ni la kutupa hata kama meno yake yote yapo. Zungusha usukani hadi mwisho na uendeshe taratibu usikilize. Kama namba inasoma NCP131, diski zipo na bei imezidi ile ya Vitz ya 1.3 kwa kiasi ambacho bado kinaacha fedha ya springi za kawaida na rimu za 15, chukua. Umepata gari lenye uwezo kuliko linavyoonekana. Kama inasoma KSP130 na ina sketi, lipa bei ya KSP130. Na kama uko kati ya RS iliyochoka na IST ya 1.5 iliyotunzwa, nunua IST, na ile fedha iliyobaki nunulia matairi manne mapya na pedi halisi za breki kabla hujatoka na familia kwenda Kahama.